Majina Yaliyokuwa Mkebeni

Leo ni siku ya kumi na moja tangu nirudishe funguo za chumba cha mitambo cha kituo chetu cha redio, na bado kila alfajiri saa kumi na moja nakuwa nimeshavaa viatu. Niende wapi? Sijui. Nazunguka kibanja changu hapa Ijuganyondo, natazama mikungu ile ile niliyoitazama jana, narudi ndani, nawasha redio, naizima. Binti yangu ananiambia, "Mama, kaa chini." Nakaa. Nikishakaa, nainuka.

Nilikusudia kuyaandika haya taratibu, baada ya kupumzika, kama mlivyoniomba siku ile mliponiaga kwa soda na maneno mengi. Lakini juzi mmoja wenu alinipigia simu akiwa na furaha zake. Akaniambia mmepata programu ya kompyuta inayosafisha kelele yenyewe, na tepu zote za zamani zitapitishwa humo, mkianza na zile za dansi za mzee wetu Ta Evarist kwa sababu ndizo chafu kuliko zote. Nikamwuliza, mmeshaanza? Akasema bado, Jumatatu. Nikamwambia msiziguse. Akajibu, "Sawa Mama Koku," kwa ile sauti ya mtu anayemkubalia mgonjwa. Leo ni Alhamisi. Kwa hiyo naandika haraka, na mwandiko mtanisamehe. Vyeo na mishahara yangu mtavisoma kwenye faili. Kurasa zake ni chache na hazichekeshi.

Nilianza kazi mwaka mmoja kabla ya vita, kwenye duka la redio la Mzee Kanti, kwenye barabara ya kushukia ziwani, Bukoba mjini. Mzee Kanti alizaliwa Bukoba, na baba yake alizaliwa Bukoba, lakini wateja hawakuchoka kumwuliza kwao ni wapi. Yeye alikuwa akijibu, "Nyuma ya duka." Kihaya alikijua kuliko baadhi ya wajomba zangu. Mimi nilitoka Kamachumu, huko Muleba, na cheti cha shule na viatu vya dada yangu, nikidhani nimeajiriwa kuuza betri.

Siku ya kwanza hakunionyesha betri hata moja. Alinipeleka chumba cha nyuma, akafunua kitambaa, ikatokea mashine ya kurekodia, ile ya rili mbili kubwa. Akanipa pamba, spiriti na kijiti. Akanionyesha kipande cha chuma kidogo kuliko ukucha, mahali utepe unapopita. "Hiki ndicho kichwa," akasema. "Utakisafisha kila asubuhi kabla ya chai." Nikauliza, kabla ya chai yako au yangu? Akanitazama juu ya miwani. "Wewe una mdomo. Vizuri. Kabla ya chai zote." Nimekisafisha kichwa kile mara nyingi kuliko nilivyoosha vikombe vyangu mwenyewe.

Tulirekodi kwaya, mahubiri, salamu za harusi, na mara moja moja bendi ya dansi ikipita. Mwezi wa tatu ndipo aliponiruhusu kushika wembe. Ninyi mnakata kwa kidole, mkikosea mnarudisha, mnaendelea kutafuna karanga. Sisi tulikata utepe wenyewe. Unavuta rili kwa mkono, huku na huku, taratibu, sauti inanguruma, mpaka upate mahali panapoanza kile usichokitaka. Unatia alama kwa penseli nyeupe. Unalaza utepe kwenye kibao chenye mfereji, unakata kwa mshazari, unatoa kipande, unaunganisha ncha mbili kwa karatasi ya gundi, unasugua kwa ukucha. Ukikata pabaya, muziki unajikwaa, na kila mtu mwenye miguu atajua.

Mzee Kanti alinipa sheria mbili. Ya kwanza: chochote ambacho si wimbo ni uchafu. Mlango, kikohozi, kiti kinachoburuzwa, mtu anayepiga kelele mbali na maikrofoni, vyote kata. Ya pili: kipande ulichokikata usikitupe mpaka mwenye kazi yake arudi, asikilize, acheke. Vipande alivitia kwenye mkebe wa biskuti uliokaa juu ya kabati. Mimi niliishika ile ya kwanza kwa moyo wote, nikaiona ya pili kuwa ni ubahili wa wazee. Niliishi na kosa hilo muda mrefu.

Vita vikaja. Watu wa ng'ambo ya mto Kagera walipita mjini na magodoro kichwani, wakielekea kusini. Siku ndege zilipopita juu ya mji, Mzee Kanti hakukimbilia familia yake kwanza, Mungu amsamehe; alikimbilia mashine. Aliifunga kwenye mablanketi mawili, akaniambia, "Kwenu Kamachumu kuna mahali?" Nikasema lipo shimo la kuivishia ndizi za pombe. Akafikiri kidogo. "Msiwashe moto tu," akasema.

Basi mashine ikaenda Kamachumu juu ya gari la mkaa, mimi nimeikalia. Baba aliitandikia majani makavu ya mgomba shimoni, akaifukia juu juu, na jirani akiuliza tunasema ndizi hazijaiva. Ziliiva miezi mingi, ndizi zile. Mwishowe tukaifukua. Ilikuwa salama, ila ilinuka rubisi, pombe yetu ya ndizi, kiasi kwamba kwaya iliyorekodi kwanza baada ya vita ilimtilia shaka mwalimu wao.

Mzee Kanti hakukaa sana baada ya hapo. Wanawe walikuwa wameshaondoka, duka likawa na vumbi, na kila wiki alikuwa anamuaga mtu. Siku yake ilipofika aliniachia mashine, kibao, na mkebe wa biskuti. Aliniuliza, "Sheria ngapi?" Nikasema mbili. "Ya pili?" Nikaisema. Akapanda gari. Sikumwona tena.

Nikaendelea peke yangu katika chumba kile kile, na jina langu mjini likawa Koku wa Tepu. Ndipo ukaja ugonjwa. Mwanzoni watu waliuita Juliana, jina la vitambaa vilivyokuwa vikivuka mpaka, kana kwamba ukikipa kitu jina la nguo utakivua. Sitaki kusimulia sana. Mnazo familia, mnajua. Nitasema la kazini tu. Wateja wangu walibadilika. Harusi zikapungua, watu wakaja kurekodi wosia. Mtu anaketi mbele ya maikrofoni, anakohoa, anasema nyumba ni ya nani. Nilikuwa nakata vikohozi. Niliona nawasaidia, na labda niliwasaidia.

Katika miaka hiyo Ta Evarist akaingia dukani kwangu na saksafoni mgongoni, imefungwa kwenye gunia la kahawa. Kabla ya vita alikuwa kiongozi wa bendi ya watu kumi na mmoja iliyochezesha watu kutoka Bukoba mpaka Muleba. Sasa hakuwa na bendi, hakuwa na kampuni, hakuwa na mfadhili. Alikuwa na baiskeli.

"Koku," akasema, "nataka kurekodi nyimbo zetu. Kwa mtindo ule ule."

Nikamwambia, "Ta Evarist, siku hizi watu wanapiga kinanda kimoja kinatoa vyombo vyote. Rahisi, na hakiumwi."

"Ndiyo maana sikitaki," akasema. "Nataka tarumbeta mbili, saksafoni mbili, magitaa matatu, ngoma, sote chumba kimoja, tunaanza pamoja, tunamaliza pamoja. Anayechoka achoke kwenye tepu."

Nilimpenda kwa jibu lile, ingawa nilijua nitateseka. Tulipata ghala la kahawa huko Buhembe, tupu, msimu haujaanza. Tulitundika magunia ukutani ili sauti isirudi. Kati ya wale kumi na mmoja, watano walikuwa wamezikwa, wengine wametawanyika. Nafasi zao alizijaza kwa wapuliza tarumbeta wa kanisani, watu wazima wenye heshima zao, waliokuwa wanauliza kila saa kama kuna wimbo unaotaja pombe. Adui yetu alikuwa mvua. Bukoba mnaijua: unaweka kila kitu sawa, gitaa limekubali, mtu amevuta pumzi, mara bati lote linaanza kutwanga. Tulikaa siku tisa kurekodi nyimbo sita, na siku nne kati ya hizo tulitazama dari.

Lakini jua lilipotoka! Jamani. Sijawahi kusikia kitu kama kile ndani ya chumba kimoja. Wimbo unaanza kwa upole, mtu anaimba habari za msichana wa Kamachumu, halafu magitaa yanageuka, ngoma inakaza, wanaingia kwenye chemko, ile sehemu ya kuchezea. Hapo Ta Evarist aliiweka saksafoni pembeni na kupaza sauti, kama viongozi wa dansi wanavyofanya, akimwita kila mpigaji kabla ya zamu yake. "Projest!" Tarumbeta inaingia. "Sospeter!" Gitaa linajibu.

Tatizo ni hili. Aliyepuliza tarumbeta alikuwa anaitwa Gosbert. Projest tulikuwa tumemzika miaka miwili nyuma. Nikatazama, Gosbert hakugeuka hata shingo. Nikasema moyoni, mzee amechanganya, mazoea haya. Tena alikuwa anaita akiwa mbali na maikrofoni yake, akiwa amegeukia watu, sauti inapasuka, sindano ya mashine inaruka kwenye nyekundu. Uchafu mtupu.

Tulipomaliza, Ta Evarist alikwenda Muleba kwenye msiba, akaniambia nimwandalie tepu, atarudi na mgeni. Nikajifungia siku mbili. Nilikata majina matano kutoka kwenye ule wimbo mkubwa. Si kukata ovyo: kila palipokuwa na jina niliondoa mzunguko mmoja mzima wa gitaa, kutoka pigo la ngoma hadi pigo la ngoma, ili miguu isijue kitu. Kila kipande kilikuwa na urefu wa kutoka kiwiko mpaka vidole. Nikavitia mkebeni kwa mazoea, pamoja na vikohozi vya watu wa wosia na viti vya kwaya. Nikasikiliza kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Safi! Nilikuwa na fahari, siwafichi. Nilitamani Mzee Kanti asikie.

Ta Evarist akarudi baada ya wiki tatu, asubuhi, na bibi mmoja mdogo wa umbo, mwenye kanga mbili zilizopigwa pasi. "Huyu ni Ma Paskazia," akasema. "Mama yake Laurean." Laurean nilimkumbuka, mpiga tarumbeta ya kwanza wa bendi ile ya zamani, aliyetangulia wenzake wote. Bibi alikuwa hajafika mjini tangu vita viishe. Alipaswa kupanda basi la saa tisa kurudi Muleba, kwa sababu nyumbani alikuwa amewaacha wajukuu wanne na hakuna mtu mzima mwingine. Nikampa kiti. Nikawasha.

Wimbo ukaenda. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, mikono mapajani. Chemko likaingia, tarumbeta ikaja, ikapita. Ta Evarist akanyanyua kidole. "Rudisha." Nikarudisha. Tarumbeta ikaja, ikapita.

"Koku," akasema, "umewapeleka wapi?"

"Akina nani, Ta Evarist?"

"Wapigaji wangu."

Nikaanza kueleza, kwa haraka, jinsi nilivyoona amekosea majina kwa mazoea, na sauti ilivyokuwa inapasuka, na kwamba nimemsaidia. Nilieleza mpaka mzunguko wa gitaa. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa ameketi juu ya kreti, amekuwa mdogo.

"Sikukosea," akasema. "Gosbert anajua. Wote wanajua, niliwaambia kabla hatujaanza. Kwenye dansi hakuna marehemu, Koku. Mtu anaitwa, anapiga."

Nilitamani sakafu inimeze. Na yule bibi, ambaye mpaka hapo hakuwa amesema zaidi ya salamu, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mwanangu, si kosa kubwa." Halafu akasema yale ambayo nimeishi nayo hadi leo. "Tangu tumzike hakuna anayemtaja. Kaka zake wanasema marehemu. Mkewe alisema marehemu, mpaka naye akawa marehemu. Mchungaji anasema marehemu. Watu wanaogopa jina, wanaona kama ugonjwa umo ndani yake. Mimi nilizaa mtoto, nikampa jina. Evarist aliniambia yeye amelitamka kwa sauti kubwa kwenye tepu, nikaja kusikia."

Nikasema, basi tuite upya! Nitaweka maikrofoni sasa hivi! Ta Evarist akasimama, akavuta pumzi, akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, kisha kikohozi kirefu kilichomrudisha kwenye kreti. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu Buhembe. Nilikuwa nimesikiliza vikohozi vingi mno katika kazi yangu nisijue kile ni kikohozi gani. Yeye naye aliona kwamba nimejua, akatazama pembeni.

Kwa hiyo sauti ile haikuwepo tena duniani isipokuwa mahali pamoja. Nikapanda kiti, nikashusha mkebe wa biskuti.

Ilikuwa saa nne kasoro. Nikaumwaga mezani. Vipande vya utepe, vya rangi moja, vimejisokota, zaidi ya mia, havina alama hata moja, kwa sababu nani huandika jina kwenye takataka? Ilinibidi nikishike kila kimoja kwa ncha mbili na kukivuta kwa mkono juu ya kichwa cha mashine. Ukivuta kwa upande usio wake, unasikia maneno ya kinyumenyume. Ukivuta haraka mno, mtu anakuwa panya. Ukivuta taratibu mno, anakuwa ng'ombe. Kikohozi. Kiti. "Haleluya." Mlango. Kikohozi. Mvua ya Buhembe. Mikono ilikuwa inatoka jasho, na jasho na utepe havipatani. Kila mara nilikuwa naifuta kwenye gauni.

Projest nilimpata saa tano. Nilipiga kelele. Sospeter akafuata, kisha Kamugisha, kisha Mutayoba. Ta Evarist alikuwa akisema "huyo" kwa kunong'ona, nami nambandika kila mmoja mahali pake. Ilipofika saa saba tulikuwa na wanne. Laurean hayupo. Nikarudia lundo lote tangu mwanzo. Hayupo. Nikapekua chini ya meza, ndani ya pindo la gauni, kwenye kapu la taka, kwenye soli za viatu. Ta Evarist alishindwa kukaa, nikamlaza kwenye mkeka chumba cha mbele. Nikamwuliza, una hakika ulimwita? Akasema, "Niliita wote watano. Nilikuwa kwenye chemko, Koku, ulimi wenyewe ndio ulioita."

Saa nane. Nikaanza mara ya tatu. Ma Paskazia alikuwa amesogeza kiti chake karibu na bega langu. Nikavuta kipande kimoja nilichokuwa nimeshakiweka kando mara mbili. Kina gitaa, halafu sauti ya Ta Evarist: "...shaija!" Nikakitupa upande wa takataka.

"Huyo nani?" bibi akauliza.

"Si mtu, Ma Paskazia. Ni kelele tu. Anawahamasisha, anasema bashaija." Hata nyumbani si ndivyo tunavyosema? Wanaume! Kazeni, wanaume!

"Rudisha."

Nikakivuta tena. "...shaija!"

Bibi akaweka mkono kwenye meza. "Bashaija ni wengi," akasema. "Huyu anaitwa mmoja."

Sikumwelewa. Akaniambia, "Laurean ni jina la kanisani. Nyumbani alizaliwa mdogo, mdogo, kama kuku, babu yake akacheka akamwita Kashaija, kijidume. Evarist alikulia mlango wa pili. Walipokuwa wanachunga mbuzi, Evarist hakuwa anamwita Laurean. Huyo ni Kashaija. Umemkata kichwa tu."

Nilikishika tena kile kipande. Halafu nikaruka. Kama nilikata kwenye pigo la ngoma, na jina lilianza kabla ya pigo, basi kichwa chake hakikuwa mkebeni hata kidogo. Kilikuwa kwenye rili! Nikarudi kwenye wimbo wenyewe, mahali nilipokuwa nimeunganisha, nikavuta taratibu kwa mikono miwili. Kulikuwa na mlio mfupi pale, "ka," niliokuwa nimeusikia mara ishirini na kuudhania kuwa ni kitufe cha tarumbeta kinachogonga. Ilikuwa sauti ya binadamu.

Nikabandua kiunganisho changu kizuri. Nikalaza rili kwenye mfereji, nikakileta kipande, nikasogeza mpaka "ka" na "shaija" vikagusana. Gundi. Ukucha. Nilimwita Ta Evarist, akaja akishikilia ukuta. Nikawasha kutoka mwanzo wa chemko.

Magitaa yakageuka. Ngoma ikakaza. "Kashaija!" na tarumbeta ikaingia papo hapo, nyembamba, ikapanda juu.

Ma Paskazia hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na Ta Evarist alikuwa anatazama ukuta. Bibi alirekebisha kanga yake begani, akavuta kiti karibu na spika, akasema, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha." Sijui mara ngapi. Basi la saa tisa lilipita nje likipiga honi, hakuna aliyegeuza kichwa, na ilibidi nimtafutie gari la samaki kumfikisha kwa wajukuu zake.

Ta Evarist aliishi miezi mitano baada ya siku ile. Nakala za tepu alizigawa mwenyewe kwa baiskeli mpaka miguu ikakataa. Kila nyumba yenye jina ilipata yake. Tulimzika Muleba, na baada ya watu kutawanyika Ma Paskazia aliniita kando. Mchungaji alikuwa amesema marehemu mara nyingi sana asubuhi hiyo. Nilikuwa nimeanza kuhesabu, bibi naye alikuwa anahesabu.

"Kwenye ile tepu," akasema, "amewaita wote. Yeye anaitwa na nani?"

Sikuwa nimefikiria. Kiongozi hajiiti mwenyewe. Nikamwambia, njoo mjini, mama, umwite wewe.

"Mimi sikuwa kwenye dansi," akasema. "Wewe ulikuwemo."

Nilirudi Bukoba siku hiyo hiyo. Kesho yake asubuhi nilisafisha kichwa cha mashine kabla ya chai, nikaweka maikrofoni, nikasimama mbali nayo kama alivyokuwa anasimama yeye. Sina sauti ya kuita. Ilipasuka katikati, sindano ikaruka kwenye nyekundu, na nje mtu alikuwa anaburuza kitu. Sikurudia. Nilikata nikaunganisha.

Sasa mnajua. Kelele tano za katikati ni watu watano, na ya nne kati yake, Kashaija, ina kiunganisho kinachosikika kidogo mkiongeza sauti, mwacheni nacho. Kisha sogeeni hadi mwisho kabisa wa wimbo. Baada ya tarumbeta ya mwisho kuna kimya cha pumzi mbili, halafu sauti ya mwanamke, moja, mbali na maikrofoni, imepasuka. Kompyuta itawaambia ni uchafu. Hata mimi, kwa sheria ya kwanza, ningeikata. Ni mimi huyo. Namwita Evarist.